Bunduki ya Kwanza na Risasi Inayoikubali

Mwalimu wangu wa kwanza wa shabaha alikuwa mzee aliyestaafu jeshini, mtu wa maneno machache. Siku nilipofika klabuni, mikono ikiniwasha kufyatua, hakunipa risasi hata moja. Alinilaza kifudifudi mkekani, akanikabidhi bunduki ya .22 iliyochubuka kitako, akatia ganda tupu kwenye chemba, kisha akatoa sarafu ya shilingi mfukoni akailaza juu ya mtutu, karibu kabisa na mdomo. "Vuta triga," akasema. Nikavuta. Sarafu ikaanguka. "Tena." Ikaanguka. Tuliendelea hivyo mpaka viwiko vikaniuma. Ilipobaki pale juu mara tatu mfululizo, mzee akaichukua, akairudisha mfukoni. "Sasa tunaweza kuzungumza habari za kununua bunduki, kijana wangu."

Wanaonijia siku hizi kuuliza wanunue bunduki gani huwa wamekwisha kuchagua kwa picha. Wananionyesha simu: mtutu mnene, darubini ndefu kama chupa ya chai, miguu miwili ya kusimamia mbele. Hawaulizi risasi. Hawaulizi kama kitako kitawafaa. Nami huwajibu jambo moja: pesa yako igawe mafungu mawili, na fungu kubwa liwe la risasi. Bunduki ya kawaida iliyopigwa risasi elfu mbili na mtu yule yule humpa mwenyewe alama nyingi kuliko bunduki ya kifahari inayotolewa kabatini kila Krismasi.

Anzia ofisini, si dukani. Nchini Kenya mambo ya silaha yamo katika Sura ya 114 ya sheria, na leseni zina bodi yake; Tanzania ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Cheti hutolewa kwa silaha fulani, si ruhusa ya kununua chochote utakachokipenda, kwa hiyo lazima ujue unachotaka kabla ya kujaza fomu. Na utajuaje kama hujawahi kuipiga? Ndiyo maana njia ya mkato ni ile inayoonekana ndefu: jiunge na klabu, piga kwa bunduki za klabu miezi kadhaa, ndipo uombe. Msomaji aliye Uingereza atakuta mpango huo umewekwa kabisa katika utaratibu: klabu iliyoidhinishwa humweka mgeni kwenye majaribio ya miezi isiyopungua 3 kabla ya kumpa uanachama kamili. Mtu akikutajia bunduki ya bei nafuu isiyo na karatasi, ondoka hapo hapo. Usiiguse wala usiitazame.

Bunduki ya upepo nayo usidhani inakwepa haya. England mtu mzima hununua yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12 bila cheti, lakini ng'ambo ya mpaka, Scotland, cheti kimedaiwa tangu mwisho wa 2016. Kwetu, uliza polisi kabla hujaagiza. Lakini kama klabu yako ina uwanja wa mita 10, anzia hapo bila aibu. Mchezo huo umo katika Olimpiki tangu Los Angeles 1984, risasi zake ni za milimita 4.5 zenye kichwa bapa kinachotoboa karatasi tundu safi la mviringo, na kiini cha kumi ni nukta ya nusu milimita. Nusu milimita! Nimewaona mafundi wa bunduki kubwa wakitoka pale wamenywea.

Tuseme basi umeamua unataka baruti. Jibu langu ni .22 Long Rifle, na sijapata mwanagenzi aliyejutia. Kipande hiki kilitoka kwa kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887 na hadi leo ndicho kinachotumika kwenye shabaha ya mita 50 ya Olimpiki, ambako mduara wa kumi una kipenyo cha milimita 10.4, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hakipigi bega. Bei yake ni ndogo mara nyingi kuliko ya risasi kubwa, na hilo ndilo linalokuruhusu kupiga sana.

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo, maana tunaita "risasi" yale madini, kile kinachoruka, na kipande kizima tunachonunua. Kwa hiyo tuelewane: kinachoruka nitakiita kichwa, na kile cha shaba nyeupe kinachobaki ni ganda. Kichwa cha .22 cha kawaida kina uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6. Fataki yake haiko katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo, na pini ya bunduki hupiga ukingo huo. Ndiyo sababu maganda haya hayajazwi tena: ukingo ukishabonyezwa, basi.

Udogo wake usikudanganye. Masanduku mengi ya Marekani huandikwa onyo kwamba kichwa kinaweza kudhuru hadi maili moja na nusu, karibu kilomita 2.4. Shamba la mjomba lenye miti michache nyuma si uwanja wa shabaha. Unahitaji tuta la udongo linalokula risasi, na msimamizi anayejua nani yuko wapi.

Jina nalo lina mitego. Kuna .22 Short, .22 Long, .22 Long Rifle na .22 Magnum, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote ukisema "ishirini na mbili" tu. Magnum haiingii kwenye chemba ya Long Rifle, ila Long Rifle huingia kwenye chemba ya Magnum ikiwa imelegea, na ganda likipasuka humo gesi ya moto hurudi kwa mpigaji. Maandishi sahihi yamechorwa kwenye mtutu wenyewe. Yasome hapo, yalinganishe na sanduku, neno kwa neno.

Wapo wanaotaka kuanza na .308 au kitu cha ukoo huo. Babu zetu wa jeshi la Keya walifundishwa kwa .303, watasema, mbona wao waliweza? Waliweza kwa sababu hawakuulizwa. Bunduki inayopiga bega humfundisha mwanafunzi kufumba macho na kuukaza mwili sekunde moja kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishaingia hutoka kwa taabu. Nenda huko baada ya mwaka mmoja au miwili.

Sasa bunduki yenyewe. Nunua ya komeo, ile ambayo unainua mpini, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unashusha. Inakulazimisha kutulia kati ya risasi na risasi, na inakula risasi ya aina yoyote, wakati nyingi zinazojipakia zenyewe hukwama ukizilisha risasi zisizo na nguvu, na risasi hizo za taratibu ndizo tunazozitaka kwenye shabaha. CZ 457 ya Czech, Tikka T1x ya Ufini na Savage Mark II zote ni za kuaminika kwa mwanagenzi. Kuna pia BRNO kuukuu za Czechoslovakia ambazo wazee wetu walizitunza. Nikipewa moja iliyo safi pamoja na karatasi zake, nitaichukua kabla ya nyingi za plastiki zinazong'aa. Anschütz za Ujerumani utaziona kwa washindani wa kweli. Ziombe uzipige, uzirudishe, usubiri.

Usikae kulinganisha majina, kalinganishe bunduki na mwili wako. Hakikisha bunduki haina kitu, kisha weka kitako kwenye kunjo la kiwiko na unyooshe mkono kuelekea triga. Pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kujinyoosha wala kujikunja. Halafu iweke begani ukiwa umefumba macho, shavu likae linapopenda, ndipo ufumbue. Kama unaona katikati ya darubini, au katikati ya kitundu cha nyuma, bunduki hiyo imekukaa. Kama unainua shingo kama kobe, haijakukaa, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Wanawake na vijana ndio wanaoumizwa zaidi na jambo hili, kwa kuwa vitako vingi vimekatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Kitako cha mbao hupunguzwa na fundi seremala mzuri kwa asubuhi moja.

Jambo jingine ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa ni jicho. Nyoosha mikono yote miwili mbele, fanya tundu dogo kati ya viganja, tazama balbu au msumari ukutani kupitia tundu hilo ukiwa umefumbua macho yote mawili. Sasa fumba la kushoto. Kitu bado kipo? Jicho lako kuu ni la kulia. Kimetoweka? Ni la kushoto, hata kama unaandika kwa mkono wa kulia. Mwanachama mwenzetu mmoja alihangaika mwaka mzima na bunduki ya mkono wa kulia kabla mtu hajamfanyia jaribio hili la nusu dakika.

Triga ya kiwandani mara nyingi ni nzito. Kwa mwanagenzi, uzito wa kilo moja hadi moja na nusu unatosha, mradi ikatike kwa mkupuo bila kukwaruza. Nyepesi zaidi ya hapo ni hatari kwa kidole ambacho bado hakijafundishwa. Ukifanya zoezi la sarafu nyumbani, kumbuka kwamba kwenye bunduki nyingi za zamani za .22 pini hugonga ukingo wa chemba ikikuta ni tupu, na baada ya muda huacha kidonda kwenye chuma. Mzee wangu alitumia ganda lililokwisha kulipuka. Mimi hutumia zile plagi za plastiki za njano ambazo fundi hutia ukutani kabla ya skrubu. Zinaingia vizuri, na hakuna atakayezidhania kuwa ni risasi hai.

Juu ya darubini nina neno moja tu. Darubini nyingi za kuwindia zimerekebishwa kwa umbali wa yadi 100 au zaidi. Ukizitumia mita 50, alama ya msalaba huhama kidogo kila ukisogeza jicho, nawe utadhani mkono unatetemeka. Tafuta iliyotengenezwa kwa .22, au yenye gurudumu la kurekebisha umbali. Kama klabu inafundisha kwa kitundu cha nyuma na pete ya mbele, jifunze hivyo kwanza, na darubini itakuja na kukukuta umekwisha kujua kulenga.

Bunduki iliyotumika isikuogopeshe. Toa komeo, elekeza mtutu kwenye mwanga, chungulia: michirizi ya ndani iwe wazi na inang'ae, bila madoa meusi ya kutu. Tazama mdomo wa mtutu kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu kidonda kidogo pale, cha fimbo ya kusafishia iliyopitishwa ovyo, hupotosha kila risasi itokayo. Kisha linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye karatasi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mazungumzo yameisha.

Tumefika kwenye risasi, mahali ambapo ningependa utumie muda wako mwingi.

Bunduki za .22 zina tabia kama watoto mezani. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, zinafuatana namba, hazipendi chakula kimoja. Moja itapanga matundu kwa risasi ya bei ya chini, nyingine itaitapika. Hakuna anayeweza kukuambia yako inapenda nini, wala muuzaji, wala mimi. Itabidi uiulize yenyewe.

Kabla ya kuiuliza, punguza orodha. Kwenye sanduku tafuta kasi. Risasi za kasi ya kawaida hutoka kama mita 325 kwa sekunde. Zile za kasi kubwa huvuka 370. Mtu mpya hukimbilia za kasi kubwa, na hapo ndipo anapoumia, kwa sababu mwendo wa sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde kukiwa na nyuzi 20. Kichwa cha kasi kubwa huanza juu ya mwendo huo, kisha hupunguza kasi na kuuvuka kwenda chini kikiwa bado njiani, na pale kwenye mpaka kinatikiswa. Kinachoanza chini ya mpaka hakina mtikiso huo. Cha kushangaza zaidi, upepo wa ubavuni humsukuma yule mwenye haraka kuliko huyu wa taratibu: kwenye mita 50, upepo wa mita 4.5 kwa sekunde huhamisha kichwa cha kasi ya kawaida takribani sentimita mbili na nusu, na kile cha kasi kubwa huhama zaidi. Sisi wa nchi za joto tuna nafuu kidogo. Hewa yenye nyuzi 35 hupitisha sauti kwa mita 352 kwa sekunde, kwa hiyo mpaka wenyewe umesogea juu.

Basi nunua masanduku matano tofauti, yote ya kasi ya kawaida, kila moja la vipande 50. CCI Standard ya Marekani, SK Standard Plus ya Ujerumani, na chochote cha Eley au RWS kilicho katika uwezo wako ni mwanzo mzuri. Kama unaweza, ongeza sanduku moja la Lapua Center-X ili ujue paa la nyumba liko wapi. Chukua mguu wa suruali ya jinzi kuukuu, ujaze mchanga, ushone pande zote mbili: hilo ndilo egemeo lako. Nenda asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Kwa kila sanduku piga risasi 15 bila kuzihesabia alama. Zimepakwa nta au mafuta, na kila kiwanda kina yake. Mtutu unahitaji kufuta ladha ya ile iliyotangulia. Kisha piga makundi manne ya risasi tano tano, kila kundi kwenye karatasi yake, uandike jina la risasi pembeni hapo hapo, usingoje kufika nyumbani. Zitabaki 15 za kurudia siku nyingine. Usipime kundi bora. Pima lile baya kuliko yote, maana ndilo litakalokujia siku ya mashindano.

Siku nilipofanya hivi na bunduki yangu, sanduku la bei ya juu kuliko yote, nililolinunua kwa kujinyima, lilitawanya matundu kama mtama uliomwagiwa kuku. La tatu, ambalo nusura nisilichukue kwa sababu kava lake lilikuwa limefifia, liliweka risasi tano ambazo mzee alizifunika zote kwa sarafu yake ya shilingi. Akarudia karatasi ya pili. Ikafunika. Ya tatu, tundu moja lilichungulia ukingoni. "Hilo ni lako, si la bunduki," akasema.

Mengine yaende haraka. Vaa vizibo vya masikio, hata kwa .22, mlio wake wa karibu huvuka kiwango ambacho sikio linastahimili. Nawa mikono kabla ya kushika andazi, kwa sababu vidole vimejaa madini ya risasi. Ukivuta triga na usisikie mlio, usifungue komeo: baki umeelekeza mtutu kwenye tuta, hesabu hadi sekunde 30, ndipo ufungue. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama kabisa, toa komeo, tazama kama kichwa hakijakwama ndani ya mtutu.

Usiusugue mtutu wa .22 kila jioni. Vichwa vyake ni laini na havichafui sana, na mitutu mingi huharibiwa na fimbo kuliko risasi. Lakini kwa aliye Mombasa, Tanga au Unguja nabadilisha maneno: ndani uache, nje ufute kwa mafuta kila siku uliyoishika, kwa kuwa jasho la kiganja na hewa ya chumvi huchora kutu kwa usiku mmoja. Bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lililofungiwa ukutani, risasi zikae kwa kufuli lake mbali nayo, na funguo zisiwe mahali ambapo mtoto wa nyumba anapajua. Sanduku la risasi usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ile nta huyeyuka, na kundi lako la asubuhi hutalipata tena jioni.

Ukishaipata risasi inayoikubali bunduki yako, geuza sanduku utazame kwenye ukingo wa kifuniko. Kuna namba ya toleo la kiwandani. Inakiliwe daftarini, rudi dukani kesho yake, uulize toleo hilo hilo, ununue kiasi ambacho cheti chako kinaruhusu. Toleo lingine la jina lile lile laweza kuwa risasi nyingine kabisa. Washindani wakubwa hupeleka bunduki zao hadi kwenye vituo vya majaribio vya Eley na Lapua kuchagulia toleo moja tu. Na siku muuzaji atakapokuambia lile limekwisha, utarudi kwenye masanduku matano, mguu wa jinzi na karatasi tupu, asubuhi, kabla upepo haujaamka.